Msitupe Sentensi Vipande: Kiolesura Nacho ni Utungo

Kuna hoja moja ambayo sisi wapenzi wa lugha tumewaachia mafundi wa kompyuta kwa muda mrefu mno, nayo ni hii: dirisha la programu liundwe kwa njia gani? Je, liandikwe mapema likiwa zima, kama mtu anavyoandika utungo, au liungwe kwa amri moja moja wakati programu inapoendeshwa? Mafundi wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, wakipima kasi ya mashine, urefu wa msimbo na wepesi wa kusahihisha makosa. Hawakutuita, nasi hatukubisha hodi.

Leo nabisha. Nadai kwamba suala hili ni la lugha sawa na lilivyo la ufundi, na kwamba kwa Kiswahili, lugha inayosimama juu ya upatanisho wa kisarufi, halina pande mbili zenye uzito sawa. Dirisha lililoandikwa zima humwachia mwanalugha nafasi ya kusema. Dirisha lililoungwa kwa amri humfunga mdomo, kisha humpa lawama ya sentensi mbovu ambayo hakuitunga.

Amri na tamko

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu, tofauti yenyewe si ngumu. Tena Kiswahili kinaieleza vizuri kwa sababu tunazijua dhamira za kitenzi. Njia ya kwanza husema hivi: unda dirisha, unda kitufe, kiandike "Hifadhi", kiweke chini kulia, unda lebo, iandike jina la faili, iweke juu ya kitufe. Ni mfululizo wa amri, na dirisha halipo popote mpaka amri ya mwisho itekelezwe. Anayetaka kujua litafananaje hana budi kuziendesha amri zote kichwani mwake. Tuiite njia ya amri.

Njia ya pili husema hivi: dirisha lina safu moja, safu ina lebo yenye jina la faili, na chini yake kuna kitufe cha kuhifadhi. Hapa hakuna aliyeamrishwa. Kilichopo ni maelezo ya jinsi kitu kilivyo, na mashine ndiyo itafutayo hatua za kukifikia. Tuiite njia ya tamko.

Njia hii si ngeni. Mfaransa Jean-Marie Hullot alitengeneza Interface Builder, na kampuni ya NeXT ikaitoa pamoja na kompyuta zake mwaka 1988: mtu alichora dirisha kwa kipanya, na mchoro ukahifadhiwa kwenye faili lake, mbali na msimbo. Mradi wa Mozilla ulieleza madirisha ya Firefox kwa lugha ya XUL. Microsoft ilileta XAML mwaka 2006, pamoja na kiunzi chake cha WPF. Qt ilileta QML mwaka 2010, JavaFX ikaja na FXML, na GTK ina faili zake za maelezo ambazo wengi wamezichora kwa zana iitwayo Glade. Majina ni mengi na tabia ni mbalimbali, lakini wazo ni moja: umbo la dirisha liwe maandishi yanayosomeka peke yake.

Na bado, katika viunzi hivyo hivyo, mlango wa amri umebaki wazi. Fundi mwenye haraka huupenda mlango huo. Husema kuwa amri humpa uhuru: anaweza kuunda kitufe hiki iwapo mtumiaji ni msimamizi, lebo ile iwapo faili ni moja, na nyingine iwapo mafaili ni kumi. Huo uhuru ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu, kwa kuwa anayeulipia ni msemaji wa Kiswahili.

Nomino tano, maumbo tisa

Chukua ujumbe mdogo kabisa ambao programu hutoa: kitu fulani kimefutwa. Katika Kiingereza neno "deleted" halibadiliki. Liwe faili, picha, kitabu, ujumbe au mtumiaji, liwe moja au mia, neno ni lile lile. Kwa hiyo fundi anayefikiri kwa Kiingereza huona njia ya mkato: achukue idadi, aongeze jina la kitu, aongeze "deleted", aviunganishe vipande vitatu na kuvitupia kwenye lebo. Kisha humpelekea mfasiri orodha ya vipande: "file", "picture", "book", "message", "user", na mbali kabisa, mstari wa mia mbili hivi, "deleted". Mfasiri anaombwa aandike neno moja.

Aandike lipi? Picha imefutwa, picha zimefutwa. Faili limefutwa, mafaili yamefutwa. Kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa. Ujumbe umefutwa, jumbe zimefutwa. Mtumiaji amefutwa, watumiaji wamefutwa. Nomino tano tu, nasi tayari tuna maumbo tisa tofauti ya kitenzi kimoja. Hapo hatujagusa ubishi wetu wenyewe, kwani wapo wanaosema "faili hii" na wapo wanaosema "faili hili", na kila upande una hoja zake. Mfasiri aliyepewa kisanduku kimoja huandika "imefutwa" na kumwomba Mungu. Matokeo yake tunayaona kila siku: "Vitabu 3 imefutwa", "Mtumiaji imefutwa".

Balaa la vivumishi ni kubwa zaidi, kwa maana hapo hata mpangilio wa maneno huvunjika. Fundi huunganisha "New" na jina la kitu, kwa mpangilio huo. Mfasiri huandika "Mpya". Kwenye skrini hutokea "Mpya faili", sentensi ambayo mtoto wa darasa la pili angeicheka. Tungetaka "Faili jipya", "Kitabu kipya", "Mtumiaji mpya", "Mafaili mapya". Kivumishi chetu hufuata nomino na huvaa vazi lake. Msimbo ulioandika kivumishi kwanza na kukikata mbali na nomino umekwisha kuamua sarufi kabla ya Mswahili kufika.

Kisha kuna neno lisilo na mahali. Mfasiri hupewa "Open" pasipo maelezo. Je, ni kitufe kinachosema "Fungua", au ni lebo inayosema kwamba mlango, akaunti au faili liko "wazi"? Kwa njia ya amri, jibu limefichwa ndani ya msimbo ambao mfasiri haoni na pengine haruhusiwi kuuona. Kwa njia ya tamko jibu liko wazi pale pale: faili la maelezo linasema kwamba neno hili limo katika kitufe, kitufe kimo katika safu ya vitendo, na safu imo katika dirisha la mafaili. Faili za GTK zina hata sehemu maalumu ya kuonyesha kwamba neno ni la kutafsiriwa, muktadha wake ni upi, na mwandishi anataka kumwambia nini mfasiri. Mwanalugha anahitaji muktadha kama mvuvi anavyohitaji kujua upepo.

Jibu lao, na kwa nini halitoshi

Mafundi watasema kwamba tatizo hili lilikwisha tatuliwa. Watataja gettext, zana ya kutafsiri programu ambayo imetumika kwa miongo kadhaa, na ambayo humwezesha mfasiri kutoa umbo la umoja na la wingi. Ni zana njema, na wanaoitunza wenyewe wamekuwa wakionya katika mwongozo wake dhidi ya kuunga sentensi kwa vipande. Lakini tusidanganyane. Kwa mtazamo wa zana hiyo, Kiswahili ni lugha nyepesi: kina umbo moja la umoja na moja la wingi, sawa na Kiingereza. Ngeli hazimo katika hesabu hiyo. Zana inauliza "ni vingapi?" na haiulizi "ni vya ngeli gani?". Kwa hiyo fundi aliyetimiza wajibu wake wote kwa kipimo cha gettext bado anaweza kutupa "picha limefutwa" na kujiona hana deni.

Tiba ya kweli ni sentensi nzima. Kwa kila kitu kinachoweza kufutwa, pawe na sentensi yake kamili, yenye nafasi ya tarakimu tu, na mfasiri aione yote. Sentensi tano mahali pa vipande sita: huo ndio mzigo wote tunaoomba mafundi waubebe. Mozilla ilikwenda mbele zaidi kwa mfumo wake wa Fluent, ambao sarufi ya maandishi yake ilikamilishwa mwaka 2019. Wazo lake kuu ni kwamba kila lugha iwe na haki ya kuwa na utata wake bila kumwomba ruhusa fundi. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuwa na sentensi moja. Mswahili, katika faili lake mwenyewe, akaigawa mara tano kwa kufuata aina ya kitu, na msimbo usijue wala usijali. Hilo ndilo tamko katika maana yake kamili: msimbo unasema nini kimetokea, na lugha inaamua kitasemwaje.

Tamko lenye rula mkononi

Sharti niwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana hoja inayoficha udhaifu wake ni kama shairi linaloficha kina kilichopotoka: mwenye sikio atakisikia. Si kila tamko ni rafiki wa lugha.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioishirikisha idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima, na maneno mengi ya kompyuta tunayoyatumia leo yalipitia mikononi mwa watu wa miradi ya aina hiyo. Lakini tazama chombo walichokabidhiwa. Visanduku vya OpenOffice ya wakati ule vilielezwa katika faili za pembeni, naam, lakini vilielezwa kwa vipimo: kitufe hiki kiko umbali huu kutoka kushoto, upana wake ni huu. Vipimo hivyo havikujua kwamba "View" lenye herufi nne laweza kuwa "Mwonekano" lenye tisa, wala kwamba "Save" ni "Hifadhi" na "Settings" ni "Mipangilio". Mfasiri wa lugha yenye maneno marefu aliishi na hofu ya kuliona neno lake limekatwa mkia.

LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, ilitumia miaka kadhaa kuvihamisha visanduku hivyo, kimoja baada ya kingine, kwenye faili za maelezo za mtindo wa GTK. Humo dirisha halisemi "kitufe kina upana huu". Linasema "kitufe kiko kando ya kile, na kila kimoja kitanuke kadiri ya neno lake". Hilo ni funzo kubwa. Tamko linalotangaza vipimo ni amri iliyovaa kanzu. Tamko linalofaa hutangaza uhusiano wa vitu na kuuacha upana uamuliwe na neno lililomo.

Udhaifu wa pili ni huu: hata katika XAML safi kabisa mtu anaweza kupanga lebo tatu mstari mmoja, ya kwanza "Una", ya pili tarakimu, ya tatu "ujumbe mpya", akadhani ametii sheria. Hakutii. Ameikata sentensi kwa kisu kingine. Kwa upande wa pili, viunzi vya siku hizi kama SwiftUI, kilichotolewa mwaka 2019, au Flutter, huandika tamko ndani ya lugha ya programu yenyewe bila faili la pembeni, na havivunji chochote iwapo maneno yametengwa na sentensi zimebaki nzima. Kwa hiyo ugomvi wangu hauhusu aina ya faili. Nauliza swali moja tu kwa kila dirisha: je, mtu asiyejua msimbo, lakini anayejua Kiswahili, anaweza kulisoma na kuisahihisha sentensi yake?

Malenga wa papo kwa papo

Kuna hoja nzito moja iliyobaki, nayo ndiyo mafundi wanaoipenda zaidi: kwamba ulimwengu hautabiriki. Hatujui mtumiaji ana marafiki wangapi, ana mafaili mangapi, au data italeta nini kesho. Dirisha lililoandikwa mapema, wanasema, ni jiwe. Maisha ni maji.

Watu wa ushairi wa Kiswahili wana haki ya kutabasamu hapa. Tunawajua malenga wanaotunga papo kwa papo, mbele ya hadhira, wakijibizana na mpinzani ambaye hawajui atasema nini. Hakuna utungo wenye kubadilika kuliko huo. Lakini je, malenga huyo hana umbo? Analo kabla hajafungua kinywa. Akiwa katika utenzi, anajua kwamba kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, kwamba vitatu vya mwanzo vitashirikiana kina, na kwamba cha nne kitabeba kina kinachopita katika utenzi mzima. Idadi ya beti haijulikani. Umbo la ubeti limekwisha kutangazwa. Uhuru wake wote unaishi ndani ya tamko hilo, na ndiyo sababu hadhira inaweza kumfuata na kumwona akiteleza.

Ndivyo viunzi vya tamko vinavyoshughulika na orodha isiyojulikana urefu. Katika XAML mtu huandika kiolezo cha mstari mmoja: hapa picha, hapa jina, hapa tarehe. Kisha hutangaza kwamba kiolezo hicho kirudiwe kwa kila kilichomo katika data. Ikija mistari mitatu, ni beti tatu. Ikija elfu tatu, ni utenzi mrefu. Hakuna amri iliyohitajika kuunda mstari wa 2,999. Kuna mahali machache ambapo amri zinafaa kweli, kama ramani au grafu inayochorwa nukta kwa nukta. Hapo fundi na aamrishe atakavyo, kwa kuwa nukta haina ngeli. Sentensi inayo.

Tunachodai

Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunahutubia, tunaghani na kupigiana makofi. Ni vizuri. Lakini asubuhi ya tarehe 8 karani hufungua kompyuta yake na kusomewa "Mtumiaji imefutwa", na hakuna anayehutubia juu ya hilo. Tukumbuke pia kwamba kosa hili halitoki ughaibuni pekee. Programu zinazoandikwa hapa hapa Afrika Mashariki, na watu waliojifunza ngeli kabla ya kujifunza kompyuta, zimejaa sentensi za kuungaunga, kwa sababu fundi aliigiza mbinu ya Kiingereza pamoja na chombo chake. Huyo hawezi kusema hakujua kwamba kitabu hakisemi "imefutwa".

Kwa mafundi, basi, madai yetu ni manne. Lielezeni dirisha zima mahali ambapo linaweza kusomwa. Msiunge sentensi kwa vipande, hata kama vipande hivyo ni viwili tu. Tangazeni uhusiano wa vitu na mwache upana ufuate neno. Na kila neno mnalompa mfasiri lifuatane na mahali pake: ni kitufe, ni lebo, ni kichwa cha dirisha, linamwambia nani nini.

Kwetu sisi wa lugha yako madai mawili. La kwanza ni kujifunza kusoma faili hizi. Si kazi ya miaka. Mtu aliyeweza kutofautisha ukwapi na utao anaweza kutofautisha kitufe na lebo katika faili la maelezo kwa jioni moja. Miradi mingi ya programu huria imeweka faili zake hadharani, na inapokea masahihisho kutoka kwa yeyote. La pili ni kuleta kipaji chetu. Kuchagua neno linalotosha katika nafasi ndogo bila kupoteza maana ndiyo kazi ambayo mshairi wa mizani huifanya kila siku. "Tendua" halikupatikana kwa bahati. Mtu alilijua viambishi na akalijua sikio. Programu zinahitaji maneno mia nyingi kama hilo.

Mwenzangu, utakapokutana tena na "Vitabu 3 imefutwa", usiishie kucheka. Andika jedwali: nomino zote ambazo ujumbe huo unaweza kubeba, umbo la kila moja katika umoja na wingi, na sentensi kamili ya kila safu. Mpelekee mwenye programu, umwambie kwamba hivi ndivyo Kiswahili kinavyosema, na kwamba unaomba nafasi ya kukisema kizima. Akikujibu kuwa msimbo wake hauruhusu, basi umekwisha kumwonyesha kasoro ilipo, na haiko katika lugha yako.